Parsele ya Manika na Hisa ya Brussels

Falanga ya Kongo ilipoingia sokoni mwaka 1998, moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Na zaire mpya moja, Oktoba 1993, ilikuwa imebadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Ukizidisha, falanga moja ni zaire za zamani bilioni 300. Baba aliyeweka akiba yake benki Kolwezi katikati ya miaka ya 1980, wakati shaba bado inatoka kwa wingi, hakupunguziwa akiba: ilitoweka yote. Jirani yake aliyefyatua matofali na kusimamisha vyumba viwili kwenye parsele (kiwanja) ya Manika, komyuni mojawapo ya Kolwezi, alibaki na vyumba vyake viwili.

Elimu ya fedha ya watu wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi, ilitokana na hasara hiyo, nami naiheshimu. Mtu akiuza madini vizuri, akilipwa haki yake ya mwisho wa kazi, akipokea zamu yake ya likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, anatafuta parsele. Akiwa nayo tayari, anaongeza vyumba nyuma ya uwanja. Kodi inatajwa kwa dola, mpangaji anaweka garanti ya miezi kadhaa kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na mara nyingi garanti hiyo ndiyo inayonunua mabati ya chumba kinachofuata. Hakuna benki katikati, hakuna ripoti ya mwaka, hakuna mkurugenzi wa kulipwa mshahara. Mwenye mali anaiona mali yake kila asubuhi.

Kwingineko swali la wapi uweke akiba linaulizwa kwa maneno ya soko la mitaji: ukinunua hisa za kampuni moja tu ya majengo, ukazishika miaka 20 au 30 bila kuziuza, utaishia na nini? Washauri wa fedha wa Nairobi au Brussels watakuonya kwamba kuweka mali yote katika kampuni moja ni hatari. Nakubaliana nao, ila naona onyo hilo halijawahi kufika Manika, mahali linapohitajika zaidi. Parsele nayo ni hisa moja ya majengo. Ni nyumba moja, katika mtaa mmoja, katika mji mmoja.

Tena ni mji wa namna ya pekee. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga iwe makao ya kundi lake la migodi ya magharibi. Mji ulifuata shaba, na mpaka leo unaifuata. Mshahara wa mpangaji unatoka mgodini. Asiyefanya kazi mgodini anawauzia wanaofanya unga, simu, bia na mafuta ya gari. Na siku utakapotaka kuuza nyumba, mnunuzi atakuja na fedha ya madini. Kwa hiyo mwenye parsele tatu Manika hana mali tatu. Ana dau moja juu ya shaba na kobalti, limegawanywa katika viwanja vitatu. Kama naye mwenyewe ameajiriwa mgodini, basi hata chakula chake cha leo kimo ndani ya dau hilo.

Hilo si jambo la kukisia. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto ikaporomoka. Zikafuata fujo za kisiasa na kufukuzwa kwa Wakasai katika Katanga, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 kampuni ilikuwa inatoa tani kama 30,000 tu kwa mwaka. Nyumba zilibaki zimesimama, matofali yalikuwa yaleyale, lakini wa kuzilipia kodi hawakuwepo. Baadaye mzunguko ulirudi kwa sura nyingine. Bei ya kobalti ilipanda hadi karibu dola 95,000 kwa tani mwanzoni mwa 2018, kisha ikaporomoka, na mwishoni mwa 2019 Glencore ikasimamisha Mutanda, mgodi ulio karibu na Kolwezi ambao ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote duniani kwa kobalti. Februari 2025 serikali yenyewe ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ili kuinua bei, na Oktoba mwaka huo ikaweka mgao kwa kila kampuni. Kila mara mwenye nyumba wa Manika alikuwa ndani ya uamuzi ambao hakuitwa kuujadili.

Hapa ndipo hisa inapostahili kusikilizwa, na mfano ninaouona kuwa wa maana kuliko yote hautoki Marekani. Unatoka Kinshasa. Kampuni ya Texaf iliundwa mwaka 1925 kwa ajili ya nguo za pamba, na hisa zake zinauzwa katika soko la Brussels. Miaka mingi jina lake lilimaanisha kiwanda cha Utexléo, baadaye Utexafrica, kando ya mto Kongo, na vitenge vilivyovaliwa nchi nzima. Kisha ukaja uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993, vikaja vitambaa vya bei ya chini kutoka Asia, na mwaka 2007 ufumaji ukasimama kabisa. Kwa hesabu ya kawaida hisa hiyo ilipaswa kufa pamoja na mitambo.

Haikufa, kwa sababu kampuni ilikuwa na kitu kingine chini ya mitambo: ardhi kubwa yenye hati, na nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wake. Nyumba zikakarabatiwa na nyingine zikajengwa, maghala yakageuzwa ofisi, uwanja ukalindwa ukawa na maji na umeme wa uhakika, na wapangaji wakawa watu wa balozi, mashirika ya kimataifa na kampuni zinazolipa kwa fedha ya kigeni. Miaka ya karibuni palepale kimefunguliwa kituo cha kampuni changa za teknolojia, na mwaka 2024 kituo cha kuhifadhi data. Aliyeishika hisa hiyo tangu enzi za pamba ameona biashara tatu au nne zikipita chini ya jina moja: nguo, kodi za nyumba, kokoto za machimbo ya mawe, na sasa data. Hakuhitaji kuuza wala kununua. Kampuni ndiyo iliyobadilika.

Sasa ilinganishe na Kolwezi, kwa maana mwanzo wa hadithi ni uleule. Union Minière, na baada yake Gécamines, ilijenga mitaa mizima kwa ajili ya wafanyakazi: nyumba, shule, hospitali, ukumbi wa starehe. Uzalishaji ulipoanguka na mishahara ikawa haitoki, kampuni hii pia ilijikuta na nyumba nyingi na kazi kidogo. Texaf ilizishika nyumba zake chini ya hati moja. Gécamines, katika miaka ya shida, iliwauzia au iliwaachia wafanyakazi wake wengi nyumba walizokuwa wakiishi, moja moja, kila familia na yake.

Nisieleweke vibaya. Kuwapa wafanyakazi nyumba ilikuwa haki, tena haki iliyochelewa. Watu waliotoa afya yao mgodini, ambao wengine walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi, hawakupaswa kuwa wapangaji wa kampuni mpaka kufa. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wengi wakiwa na malipo ambayo hayakulingana na miaka yao ya kazi. Kwa wengi wa kizazi hicho nyumba ndiyo ilikuwa akiba iliyobaki. Lakini jinsi ilivyogawiwa ina maana. Kilichokuwa mali moja kubwa, yenye uwezo wa kukopa, kukarabati, kuajiri wakili na kungoja bei nzuri, kikawa maelfu ya mali ndogo zisizojuana.

Na wenye hisa wa Union Minière je? Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ilitwaa migodi yao yote ya Kongo. Mapatano ya 1969 yakaipa kampuni ndugu ya Ubelgiji, Société Générale des Minerais, asilimia 6 ya thamani ya uzalishaji kwa miaka 15, ikiwa ni ada ya huduma na fidia kwa pamoja. Union Minière iliyobaki Brussels bila mgodi hata mmoja wa Katanga ikaungana na nyingine, ikabadilika, na mwaka 2001 ikajiita Umicore. Leo inasafisha metali na kuchakata betri na taka za elektroniki katika kiwanda cha Hoboken, mjini Antwerp, na kobalti ni moja ya metali inazoishi kwazo. Inaniuma kila ninapolitazama jambo hili: karatasi ya mwenye hisa ilinusurika kunyang'anywa kwa kila kitu ilichokuwa imesimama juu yake, huku nyumba ya aliyechimba ikibaki imefungwa palepale ardhi ilipo.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo desturi ya parsele haijaipima vya kutosha. Hisa ni dai juu ya kundi la watu na mikataba, na kundi hilo linaweza kuondoka kwenye pamba likaenda kwenye kodi, likaondoka Kongo likaenda Hoboken. Nyumba ni dai juu ya mahali. Mahali pakishuka thamani, pakifukuliwa, pakifunikwa na kifusi, dai linashuka nalo.

Hata hivyo ni lazima niwaambie wasomaji wanaovutiwa na soko la mitaji yaliyotokea Nairobi, kwa sababu huko jina la majengo halikumkinga mtu. Julai 2013 kampuni ya Home Afrika, inayoendeleza mji wa Migaa kule Kiambu, iliingia Soko la Hisa la Nairobi kwa shilingi 12 kwa hisa. Ardhi ilikuwepo, ramani zilikuwepo, tabaka la kati la Kenya lilikuwa linakua kweli. Madeni nayo yalikua, viwanja havikugeuka fedha kwa kasi iliyotarajiwa, na hisa ikashuka mpaka chini ya shilingi moja, ikakaa huko kwa miaka. Uvumilivu wa mwenye hisa haukuwa na cha kuvumilia, kwa kuwa kampuni ya kuendeleza ardhi haipati kodi; inauza, na isipouza riba inakula.

Fahari ndiyo yenye somo zaidi. Novemba 2015 mfuko huu wa kuwekeza katika majengo ya kupangisha, wa kwanza wa aina yake Kenya, uliuza vipande vyake kwa shilingi 20. Huu haukuwa wa ndoto za ramani: ulikuwa na jengo la maduka la Greenspan huko Donholm na majengo mengine yenye wapangaji. Tangu mwanzo mauzo yalikuwa madogo, yakaleta shilingi bilioni 3.6 tu kati ya zile bilioni 12.5 zilizotafutwa, na mfuko mdogo hubeba gharama za usimamizi kwa shida. Bei ikashuka hadi chini ya shilingi 7. Mwaka 2023 wasimamizi wakaamua kuutoa mfuko kwenye soko kuu, na wawekezaji wadogo wakapewa nafasi ya kuuza vipande vyao kwa shilingi 11. Februari 2024 Fahari ikaondoka, ikahamia jukwaa la dhamana zisizoorodheshwa.

Piga hesabu ya mama mwenye duka aliyenunua vipande 100 siku ya kwanza. Alitoa shilingi 2,000. Aliyekubali ofa alipata 1,100. Gawio halikufika shilingi moja kwa kipande katika mwaka wowote, kwa hiyo kwa miaka minane lisingeweza kufika 800. Hata ukijumlisha kwa ukarimu, hazirudi zile 2,000, na hapo bado hujahesabu kupanda kwa bei ya unga kati ya 2015 na 2023. Jengo halikuanguka. Wapangaji hawakukimbia wote. Kilichomshinda ni gharama, udogo wa mfuko, na ukweli kwamba walioamua lini mlango ufungwe ni wengine.

Kuna jambo moja katika sheria ya Kenya ambalo limenifanya nifikirie pwani. Kanuni za mifuko hii za mwaka 2013 zinautaka mfuko wa kodi ugawe angalau asilimia 80 ya faida yake kwa wenye vipande. Ni kanuni nzuri kwa anayetaka gawio, na inamzuia msimamizi kulala na fedha za watu. Ila maana yake ni kwamba, matengenezo ya kawaida yakishakatwa, wenye vipande hula kwanza, na ukarabati mkubwa husubiri kilichobaki. Parsele ya Manika inafuata safu hiyo kwa ukali zaidi, bila kuandikwa popote. Kodi ya mwezi ikiingia, kwanza ni karo ya shule, kisha hospitali, kisha msiba wa shangazi kule Likasi. Paa linasubiri. Miaka 15 baadaye mwenye nyumba anashangaa kwa nini mpangaji mzuri amehamia kwa jirani.

Wakfu wa Waswahili ulipanga safu hiyo kinyume. Lamu, Mombasa na Unguja, mtu alifunga nyumba au shamba la minazi kwa ajili ya msikiti, madrasa, maskini au kizazi chake, na kuanzia hapo mali hiyo haikuuzwa, haikurithiwa, haikuwekwa rehani. Na katika fiqhi ya wakfu pato la kwanza ni la mali yenyewe: ukarabati unatangulia, ndipo walengwa wanapewa. Msimamizi akigawa kodi wakati ukuta unaanguka, amekosa amana. Sijaona mahali pengine ambapo wazo la kushika mali moja milele limefikiriwa kwa ukali namna hiyo, karne nyingi kabla ya masoko ya hisa kuwa na kanuni zao.

Lakini wakfu nao umeumia, na umeumia mahali pale palipokuwa na nguvu yake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, zilikuwa za wakfu. Tangu mwanzo wa karne ya 20 usimamizi ulivutwa kwenye tume ya serikali, na baada ya mapinduzi ya 1964 kodi zikawa ndogo mno kuweza kutengeneza kuta za mawe na boriti za mikoko. Kanuni ilisema tengeneza kwanza, fedha za kutengenezea hazikuwepo. Na kuuza au kubadilisha ilikuwa vigumu: wanazuoni wa Hanafi huruhusu kwa masharti mali ya wakfu iliyokwisha manufaa ibadilishwe kwa nyingine, ila Shafi, madhehebu ya wengi wa pwani, hubana sana hapo. Mali iliyofungwa isihame inapata ulinzi dhidi ya mtoto mtumiaji, lakini haina ulinzi dhidi ya mahali pake kubadilika. Mahakama za kikoloni nazo ziliongeza jeraha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi iliyotoka Kenya ilifika hadi Baraza la Faragha la Mfalme (Privy Council) London, nalo likaamua kwamba wakfu wa kufaidi ukoo peke yake, bila sadaka ya kweli ndani yake, haufai kisheria. Familia zilizokuwa zimejipanga kwa vizazi zikaambiwa na majaji wa mbali kwamba mpango wao si mpango.

Nimezunguka hadi Lamu kwa sababu Manika ina tatizo ambalo wakfu ulilitatua na hisa pia ililitatua, kila mmoja kwa njia yake: kifo. Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi, na robo inayobaki inawaendea mjane au mgane, wazazi na ndugu. Hisa 300 zinagawanyika kwa watoto 6 bila ugomvi. Vyumba vinne na choo cha nje havigawanyiki. Hivyo parsele iliyochukua miaka 25 kujengwa inauzwa ndani ya mwaka mmoja wa msiba, mara nyingi kwa haraka, kwa bei ya mwenye shida, na kila mtoto anaondoka na fungu lisilotosha kununua hata nusu ya kiwanja pembezoni mwa mji. Tunazungumza juu ya faida ya muda mrefu, lakini Manika ni mali chache zinazomaliza muda mrefu zikiwa mkono mmoja.

Na kuna ardhi yenyewe. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ya Kongo ni ya Serikali. Raia hupewa konsesyoni ya kudumu, na ushahidi wake ni cheti cha usajili, ambacho baada ya miaka miwili hakipingiki tena. Ni ulinzi wa kweli kwa aliyenacho. Wengi hawana, wana karatasi ya mkuu wa mtaa na ushahidi wa majirani. Hata mwenye cheti anashika juu tu, maana kilicho chini kinafuata sheria nyingine. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, na watu wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao, wengine chini ya sakafu za vyumba vya kulala. Kwa miaka michache nyumba ilikuwa na thamani kwa sababu ya kile kilichoiangamiza. Mashimo yaliua watu. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikatengwa kwa Congo Dongfang Mining, kampuni tanzu ya Huayou Cobalt ya China, wakazi wakalipwa na kuhamishwa.

Kisha zamu ikafika kwenye nyumba zilezile za Gécamines. Mgodi wa COMMUS, ambao Zijin ya China ina asilimia 72 na Gécamines asilimia 28, ulipanuka kuelekea makazi ya mji. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la Kikongo la IBGDH walichapisha ripoti ya kurasa nyingi juu ya watu wa Kolwezi waliohamishwa kupisha migodi, wengi wakisema fidia haikutosha kuwapa nyumba inayofanana na waliyoiacha. Kifungu cha 281 cha Sheria ya Madini ya 2002 kilitaka mwenye kibali amlipe mkaaji thamani ya ardhi, ikiongezwa nusu. Sheria haikusema nani apange thamani hiyo wakati mkaaji amekaa peke yake mbele ya meza ya kampuni, bila mthamini wake, bila wakili, akijua jirani wa kulia ameshasaini.

Nalitazama jambo hili nikiwa nimeweka Texaf upande mmoja na Cité Gécamines, mtaa wa nyumba hizo, upande mwingine, na siwezi kuacha kufikiri: vipi kama zile nyumba, siku ya kugawiwa, zingewekwa katika kampuni moja ya wakazi, kila familia ikiwa na haki ya kukaa ndani ya nyumba yake na hisa katika mtaa mzima? COMMUS ingekutana na mwenye ardhi mmoja mwenye maelfu ya wenye hisa nyuma yake. Ingeulizwa bei ya mtaa, siyo bei ya chumba. Ingewezekana kudai sehemu ya malipo iwe pato la kila mwaka, au nyumba mpya zilizo mbali na mashimo, au hata hisa katika mgodi, kwa kuwa Gécamines yenyewe ilibaki na asilimia zake 28 ndani ya mradi uliowahamisha wafanyakazi wake wa zamani. Kwa nini kampuni ibaki na hisa, na mfanyakazi abaki na matofali?

Walio nje ya nchi wanalo la kufikiri hapa pia. Mtoto wa Kolwezi anayeishi Ixelles, Brussels, karibu na Matongé, anatuma euro kila mwezi kwa mjomba ajengewe nyumba Manika, na katika mji uo huo anaoishi zinauzwa hisa zinazolipwa kwa kodi za nyumba za Kinshasa. Simwambii aache kujenga. Nyumba ya wazazi ina thamani ambayo hakuna soko linaloipima, na mama anahitaji mahali pa kulala. Namwambia aangalie nyumba ya pili na ya tatu. Hizo ndizo zinazoongeza uzito upande uleule wa shaba. Fungu la nyumba ya tatu likiwekwa mahali pasipotetemeka pamoja na Mutanda, iwe hisa ya Kinshasa au shamba la mahindi lenye hati nje ya ukanda wa migodi, familia itakuwa na kitu cha kula mwaka ambao kobalti imefungiwa mpakani. Hisa ya Texaf nayo ina udhaifu wake: wenye hisa wakubwa ni wachache, zinazobadilisha mikono kwa siku si nyingi, na Kinshasa imeporwa mara mbili ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai. Kongo haina soko la hisa, na aliyeko Manika bila wakala wa Ulaya hawezi kuzifikia kirahisi. Kwa hiyo jibu la wengi haliwezi kuwa kununua Brussels.

Jibu ninaloliona liko karibu zaidi na linatokana na desturi zote tatu. Kongo iko ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu Septemba 2012, na sheria ya pamoja ya vyama vya ushirika inatumika hapa. Wachimbaji wadogo wa Kolwezi wanavijua vyama hivi vizuri. Wenye nyumba hawajavitumia. Majirani 40 wa mtaa mmoja, au warithi 6 wa parsele moja, wanaweza kuandika katiba fupi. Iseme kwamba sehemu ya kodi ya kila mwezi ni ya paa na kuta kabla mtu yeyote hajala, kama msimamizi wa wakfu alivyotakiwa. Iseme kwamba mwanachama akifariki, fungu lake linagawanyika kwa warithi wake na nyumba haiuzwi. Iruhusu, tofauti na wakfu wa Shafi, mali kubadilishwa kwa nyingine mahali pake pakiharibika. Na ilazimishe sehemu ya ziada kupelekwa nje ya ukanda wa shaba.

Wapo watakaosema chama nacho kitaliwa na viongozi wake, na mifano wanayo mingi. Wengine watakumbusha Fahari: mdogo aliingia na wenzake, na wenzake walipoamua kutoka alitoka kwa 11. Pingamizi hili la pili ndilo zito. Ila katika ushirika wa OHADA kila mwanachama ana kura moja, awe na fungu moja au hamsini, na katiba inaweza kutaka theluthi mbili ya wote, mbele ya mthamini waliyemchagua wenyewe, kabla ofa ya mgodi haijakubaliwa. Mjane mwenye chumba kimoja cha kupangisha angekuwa na kura sawa na mfanyabiashara mwenye majumba kumi siku wapimaji wa kampuni watakapoingia mtaani na rangi yao nyekundu ya kuweka alama kwenye nyumba.